Mfumo Uliotaka Mkwe na Mkwewe Wapigwe Picha Moja

Mlinitaka niandike kurasa kumi kwa ajili ya wanaobaki kazini. Nikasema tatu. Tukapatana nne, na ya nne naandika kwa mwandiko mkubwa.

Vyeo sitavitaja. Niliingia shirikani nikiwa msaidizi wa mifugo, nikatoka nikiwa msaidizi wa mifugo mwandamizi, yaani mtu yule yule, ila magoti yanauma. Nitakayoyaeleza ni ya ng'ombe, na ya ile mitambo mliyoniletea nihesabie ng'ombe.

Kabla ya shirika nilikuwa nauza samaki wakavu na mchele soko la Kyela mjini, na vitenge nilivyokuwa navifuata ng'ambo, Malawi. Siku moja nilipita mnadani nikamkuta meneja wetu wa kwanza, mgeni kabisa katika wilaya, anataka kununua mtamba. Muuzaji anaapa kwamba mnyama ana miaka miwili. Haikunihusu. Lakini mimi nikiona mtu anaibiwa bila kupigania bei, siwezi kupita. Nikamshika ng'ombe taya, nikamfungua mdomo, nikahesabu meno. Nikahesabu tena.

"Mkubwa," nikamwambia meneja, "huyu mtamba ana wajukuu."

Jumatatu nikaripoti kazini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ambakisye, aliyetunza daftari la mifugo tangu shirika lilipokuwa chumba kimoja na benchi. Siku ya kwanza alinipa daftari akanituma zizini. Limeandikwa ishirini na nne. Nikahesabu, ishirini na tatu. Nikaanzia upande wa pili, ishirini na tatu.

"Mzee, mmoja hayupo."

"Yupo. Yuko tumboni mwa yule mwekundu."

"Wa tumboni anahesabiwa?"

"Mfadhili aliandikiwa ishirini na nne," akasema, "na mimi ni mtu wa imani."

Hilo ndilo kosa pekee nililomwona nalo. Mengine yote alikuwa ananizidi. Alinifundisha kwamba ng'ombe haandikwi kwa jina la mtu tu, anaandikwa kwa sura na tabia yake, kwa sababu majina yanafanana na ng'ombe hawafanani. Daftari lake lilisomeka hivi: "Mweusi, pembe ya kushoto imeshuka, haogopi mvua." "Kijivu, mkia mfupi, anapiga teke watu wa ofisini." Huyo wa mwisho nilithibitisha mwenyewe.

Kwa wageni, utaratibu wetu ni huu. Familia inapewa mtamba mmoja. Akizaa jike la kwanza, jike hilo linapelekwa kwa familia inayofuata kwenye orodha, na mama mtu anakuwa mali ya familia ya kwanza moja kwa moja. Hapo shirika linatoa cheti. Cheti hicho mtu anakitundika ukutani karibu na picha ya harusi, na wengine wanaishusha picha ya harusi ili nafasi itoshe.

Miaka ikaenda. Kompyuta ya kwanza ililetwa, sisimizi wakahamia ndani, ikafa. Ya pili ilitunzwa vizuri mno. Karani wetu aliifunika kitambaa cha kufuma na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Kisha, miaka michache tu iliyopita, vikaja vishikwambi na hereni za kielektroniki. Ng'ombe anavalishwa hereni sikioni, unaielekezea kishikwambi, inalia, na mnyama anaingia kwenye mfumo. Pamoja na vishikwambi alikuja Neema kutoka makao makuu, binti mpole mwenye viatu vyeupe. Viatu vile vilikuwa vyeupe hadi saa nne asubuhi ya siku ya kwanza.

"Sasa mama," Neema akaniambia, "haya madaftari tutayaweka mbali kabisa."

"Tutayaweka mbali baada ya miaka mitatu."

"Mama, mfumo una uhakika."

"Basi miwili."

"Miezi sita."

"Mwaka mmoja, na funguo za kabati nakaa nazo mimi." Tukashikana mikono. Ninyi mnaobaki, likumbukeni hilo kila kinapokuja kitu kipya. Kipya kianze kazi, cha zamani kisifukuzwe siku hiyo hiyo. Hata mke mdogo anapewa muda wa kujua vyombo vinakaa wapi.

Msidhani tulikuwa tunapinga. Mwenzetu mmoja alikipenda kishikwambi chake hata akakifunga nailoni tabaka tatu kisiloe, kikawa hakisikii vidole. Alikipapasa wiki nzima akidhani kinamchunguza kwanza. Tulichaji kwa kinyozi, tukajifunza kufuta hereni tope kwa jani la mgomba kabla ya kuipiga picha, na kusimama upande wa bega, si upande wa teke. Hayo hayakuwa kwenye kitabu cha mafunzo. Neema aliyaandika mwenyewe, na kwa hilo nilianza kumpenda.

Tatizo lilikuwa ratiba. Iliwekwa na watu wanaomjua ng'ombe kupitia pakiti ya maziwa, wakatupangia kusajili katikati ya masika. Na masika ya Kyela mnayajua. Mto ukipanda, Ndandalo na Talatala panakuwa uji, na ng'ombe wanapandishwa sehemu za juu kwa ndugu, kwa wakwe, kwa rafiki wa baba. Wanakaa huko mpaka maji yapungue. Hakuna anayeandikiana. Ng'ombe wangu akiwa kwako ni wangu, maziwa yake ni yako, na samadi yake ni ya Mungu. Tumekaa hivyo tangu babu zetu.

Mimi ndiye niliyekwenda Busale, kwa Mzee Angolile. Mzee huyo ana boma lililoinuka, kavu, na moyo usiojua kukataa. Niliwakuta ng'ombe kumi na tisa. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Hereni zikalia kumi na tisa. Mfumo ukauliza jina la mkuu wa kaya, nikaandika Angolile. Nikarudi nimeshiba ndizi, najisifu njia nzima kwa hesabu isiyo na dosari.

Ila sikuuliza ng'ombe ni wa nani. Mimi, niliyefundishwa na Mzee Ambakisye.

Wiki mbili baadaye Mzee Angolile akaingia ofisini na simu yake mkononi, amekasirika hadi amesahau kusalimia. Mfumo ulikuwa umemtumia ujumbe wenyewe, bila kutumwa na mtu: "Hongera! Umechaguliwa kuwa Mfugaji wa Mfano."

"Mugonile, baba," nikamsalimia, yaani umelalaje.

"Sijalala! Nitalalaje? Mimi nina ng'ombe watatu. Hao kumi na sita ni wageni wangu. Mmenifanya mwizi kwa kompyuta, tena mnanipongeza!"

Neema akaufungua mfumo akaguna. Vyeti vilikuwa vinachapwa kutoka humo humo. Alikuwa anarudi makao makuu Jumamosi kwenda kuvichapa, na jina litakalokutwa ndilo litakaloandikwa.

Kurekebisha kulikuwapo, lakini kwa masharti. Kuna mahali watu walikuwa wameuziana ng'ombe wa shirika kwa karatasi za uongo, basi waliotengeneza mfumo wakaamua kwamba ng'ombe hahami jina mpaka ipigwe picha moja yenye mmiliki, mtunzaji na ng'ombe mwenyewe.

"Nyuso mbili za watu na sikio moja la ng'ombe," Neema akafafanua. "Picha moja. Zikiwa mbili inakataa."

Tukapanda Busale siku mbili mfululizo. Wenye ng'ombe wakaja, wakasimama na Mzee Angolile kama maharusi, tukamaliza kumi na tano. Mzee alichoka kutabasamu. Akabaki ng'ombe mmoja, mwekundu mwenye doa jeupe tumboni, ana mimba kubwa. Huyo ni wa Subilaga.

Subilaga ni mjane wa mtoto mkubwa wa Mzee Angolile. Anaishi Ndandalo na watoto watatu, analima mpunga, na ng'ombe huyo alimlea kwa mikono yake. Jike la kwanza alilitoa kwa familia iliyofuata, hakuchelewa hata siku moja. Ng'ombe alikuwa wake, kilichobaki ni cheti tu. Lakini shemeji yake, Gwakisa, anayekaa boma moja na baba yake, alishaanza kusema vijiweni kwamba mali ya marehemu ni ya ukoo. Ule ujumbe wa pongezi ulipokuja, alifurahi kuliko aliyetumiwa.

"Mama Asifiwe, mimi sisemi kitu," aliniambia, akisema. "Mfumo umeshasema. Ninyi si ndio mlituambia mfumo haukosei?"

Na cheti kikitoka kwa jina la mzee, siku mzee atakapofumba macho ng'ombe ataongozwa na Gwakisa, na ndama wake nyuma. Subilaga alilijua hilo. Alinifuata ofisini kwa miguu, tope hadi magotini, akakaa kwenye benchi akaniuliza jambo moja tu: "Mama, kwenye hiyo picha baba atakuwa karibu kiasi gani?"

Neema hakuelewa. Ikabidi nimweleze. Kwetu mwali, yaani mke wa mtoto, hakutani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani. Jina lake halitaji, hata kama kuna neno la kawaida linalofanana nalo atatafuta jingine. Na mzee naye anajiheshimu, anakohoa tangu mbali ili njia iwe wazi. Siku hizi wengi wamelegeza, mjini wanakula meza moja wanapitishiana chumvi. Kwa Mzee Angolile hapajalegea. Subilaga alikuwa na miaka kumi na minne katika ukoo ule, na wale wawili hawajawahi kuonana uso kwa uso.

"Miaka kumi na minne?" Neema akauliza. "Na akienda kumwona ng'ombe wake?"

"Mzee anakwenda shambani."

"Na mazishi ya mume wake?"

"Alikaa nyumba ya pili."

Neema akapiga simu makao makuu, akaomba sharti liondolewe. Nilimsikia akieleza, akieleza tena, akisema "hapana, hawajagombana, wanaheshimiana." Akakata simu. "Wanasema wahusika wapatanishwe kwanza."

Ijumaa asubuhi tukapanda tena Busale, mimi, Neema na Subilaga. Jaribio la kwanza Subilaga alisimama nyuma ya ng'ombe, kitenge kimefunika kichwa hadi kidevuni, mzee upande wa mbele akiangalia mlima. Kishikwambi kikakataa: uso haujaonekana.

Gwakisa alikuwa ameegemea mlango wa jiko. "Kama mwenyewe haonekani, Mama Asifiwe, si basi hana ng'ombe?"

"Gwakisa, hata Mungu haonekani. Mbona Jumapili unampelekea sadaka?"

"Sadaka nampelekea ila cheti simwandikii."

Akacheka peke yake. Lakini mimi jibu lake liliniuma, maana lilikuwa zuri.

Ndipo nikamwendea bibi, mke wa mzee. Katika mambo ya mwali na mkwewe yeye ndiye hakimu. Nikamweleza fikra yangu. Wote wawili watazame mbele, kwenye kishikwambi. Katikati yao tusimamishe mkeka. Mkeka ni ukuta, na watu wawili wenye ukuta katikati kila mmoja yuko nyumbani kwake.

Bibi akafikiri huku akipepeta mchele. "Mikeka miwili."

"Mmoja, bibi. Miwili itamziba ng'ombe."

"Miwili. Na mwali asipite upande wa mlango mkubwa."

"Asipite. Mkeka mmoja."

"Miguu yake itaonekana chini."

"Mmoja na nusu."

"Mkeka nusu ni mkeka gani?"

"Wa kulalia mtoto. Tunauweka chini, unaficha miguu."

Akapepeta, akapuliza pumba. "Na huyo binti wa viatu avue viatu, hapo si barabarani."

Tukakubaliana. Neema akavua viatu. Nafikiri alishukuru, vilikuwa vimeshakata tamaa.

Majirani wawili wakaushika mkeka mkubwa, mimi nikaegemeza mdogo kwa goti, kichwa nimekiweka nje ya picha. Mzee akakohoa mara tatu, akaja upande wake. Subilaga akaja upande wake kupitia migombani, akiwa ameinamisha kichwa, akasimama. Nyuma yao ng'ombe, amenyoosha shingo juu ya mkeka, sikio lenye hereni katikati kabisa. Ilipendeza. Neema akabonyeza. Kikakataa: nyuso zimezidi.

"Washika mkeka, chuchumaeni!" nikaamuru.

Wakachuchumaa. Nyuso zimezidi. Tukahesabu. Mzee mmoja, Subilaga wa pili. Nikahesabu tena, nikageuka nyuma. Gwakisa alikuwa amesogea kutoka jikoni hadi ubavuni mwa ng'ombe, amenyoosha shati.

"Wewe unatafuta nini humo?"

"Mimi ni familia."

"Toka kwenye picha ya watu," bibi akasema, wala hakuinua sauti. Akatoka.

Mara ya nne ng'ombe akageuka akatupa matako. Mara ya tano akagundua kwamba mkeka unalika. Tukamwacha ale, maana alipokuwa anatafuna alitulia. Subilaga akainua uso, akatazama mbele, machozi yanamtoka wala hajifuti. Mzee akatazama mbele kama askari. Kishikwambi kikalia, alama ya kijani ikatokea.

Nikapumua. Mapema.

"Bado moja," Neema akasema, kwa sauti ya mtu anayetamani kazi nyingine. "Mtunzaji anatakiwa ataje jina la mmiliki kwa mdomo wake. Mfumo unarekodi." Kwa wale kumi na tano lilikuwa jambo dogo, hata nikalisahau.

Hapo hata majirani walishusha macho. Maana heshima ile ni ya pande mbili. Mzee naye, miaka yote kumi na minne, hakuwahi kulitaja jina lile. Alisema "mwenye nyumba ya Ndandalo," alisema "mama wa watoto," alisema "yule."

"Ni wa mke wa marehemu mwanangu," mzee akasema.

"Jina, baba," Neema akanong'ona. "Bila jina haipokei."

Gwakisa akaona mlango umefunguka. Akasogea upande wa baba yake, sauti laini kama mafuta ya mawese. "Baba, usijivunjie heshima kwa ajili ya mashine. Sema tu ni wa nyumbani. Wa nyumbani si uongo. Tutamalizana wenyewe kifamilia."

Na kweli haukuwa uongo, huo ndio ulikuwa ubaya wake. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Mimi nimepigania bei tangu nikiwa msichana, lakini pale sikuwa na la kuongeza wala la kupunguza. Nilishika mkeka wa mtoto kwa goti nikangoja.

"Gwakisa," mzee akasema.

"Naam, baba."

"Nyumbani siku hizi panazaa ng'ombe?"

Mzee akainama kwenye kishikwambi, karibu sana, kama anayemwambia mtu siri, kisha akalisema kwa sauti ya kusikika mpaka mpunga ulipo:

"Subilaga. Ng'ombe huyu ni wa Subilaga."

Kikalia. Kijani.

Nyuma ya mkeka Subilaga akatoa shukrani, siyo kwa mzee, maana asingeweza. Alimwambia ng'ombe, akimshika pembe: "Ndaga fijo. Umenitunzia vizuri."

Mzee naye akamgeukia ng'ombe. "Mwambie huyo mwenye wewe," akamwambia, "maji yameshapungua. Ukizalia huku ndama atazoea huku."

"Mwambie mwenye boma," Subilaga akamjibu ng'ombe, "nitamchukua keshokutwa, nikipata wa kunisaidia kumshusha. Ana mimba, na njia inateleza."

"Mwambie wa kumsaidia yupo. Yupo kijana mzima hapa hana kazi, ameshinda jikoni tangu asubuhi."

Bibi alicheka hadi ungo ukamwagika. Ng'ombe, aliyepelekewa maneno yote hayo, hakufikisha hata moja. Alikuwa anamalizia ncha ya mkeka.

Jumapili yake, Neema akiwa ameshaondoka, nilisimama barabarani Ndandalo nikawaona wanakuja. Mbele watoto watatu wakifukuza mbuzi wa watu wasizibe njia. Nyuma yao Subilaga na mzigo wa majani kichwani. Na katikati, viatu mkononi, tope hadi kiunoni, Gwakisa, ameshika kamba ya ng'ombe, anamshusha taratibu, anamwambia pole kila akiteleza.